Kikopo cha choo, mpira wa kamera na wiki mbili za vidonge: huduma ya kupima H. pylori niliyoipata Moshi

Ukifika dirisha la maabara unapewa kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kusokota, na ndani ya mfuniko kuna kijiko kidogo kama cha kuchotea chumvi. Unaambiwa uchote choo kiasi cha punje ya harage, ufunge, uandike jina, urudishe. Nililipa shilingi 25,000. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa na jibu mkononi: kama nina H. pylori, bakteria anayekaa tumboni na kuleta vidonda, au sina. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshatoa zaidi ya laki nne, kwa miaka mitatu, kulitafuta jibu hilohilo kwenye vipimo vya damu na dawa za kununua dukani. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko pale nilipokuwa mimi, anayemeza dawa za vidonda vya tumbo kila baada ya miezi michache na hajui kama zimefanya kazi.

Majina ya vituo siyataji, pale niliporidhika wala pale niliponung'unika. Ninachokipima hapa ni huduma yenyewe, na huduma hiyo unaweza kuiulizia popote ulipo.

Nauza mitumba Kiboriloni. Nina miaka 47. Mama yangu alifariki mwaka 2019 kwa kansa ya tumbo, na hiyo ndiyo sababu suala hili nalifuatilia kwa ukali kuliko wengine. Mama alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka sita. Maduka ya dawa yote ya karibu yalimfahamu, na kwenye mkoba wake hapakukosa chupa ya ile dawa nyeupe ya kutikisa. Hakuna hata mtu mmoja aliyempeleka kwenye kipimo cha kamera, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa kooni kuangalia tumbo, na sisi watoto hatukujua kama kipo. Alipoanza kushiba kwa vijiko viwili vya mtori tukasema ni umri. Alipoanza kutapika chakula cha jana yake, kikiwa vilevile kama kilivyoingia, ndipo tukampeleka hospitali kubwa. Uvimbe ulikuwa umeziba njia ya kutokea chakula kwenda utumbo mwembamba. Aliishi miezi minne.

Mimi chembe ya moyo ilianza kuniunguza mwaka 2021. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinitoboa kidole, wakadondoshea damu kwenye kile kipande cha plastiki chenye mistari, mistari miwili ikatokea. "Una bakteria wa tumbo." Nikapewa dawa za siku saba. Nilipata nafuu kama miezi miwili, moto ukarudi. Nikarudi kituoni, kidole tena, mistari miwili tena, dawa zilezile tena. Mara ya tatu hivyohivyo. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba nina kitu kisichosikia dawa, na nikimwona mama yangu machoni.

Kosa lao ndilo hili, na nataka lieleweke vizuri. Kipimo kile cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ili kupigana naye. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kupona bado ataonyesha mistari miwili, na kipimo hicho hakifai kabisa kuangalia kama dawa imemaliza kazi. Walinitumia kipimo hicho mara mbili baada ya dawa. Kila mara walinipa antibayotiki bila kujua kama nazihitaji. Hakuna aliyenieleza haya. Niliyasikia kwa mara ya kwanza kwenye kliniki ninayoisifia hapa, na nilisikitika sana kwa sababu kulieleza jambo hili hakuchukui hata dakika mbili.

Kliniki hiyo nilielekezwa na shoga yangu tunayepakana meza sokoni. Siku ya kwanza daktari hakunipima. Aliniuliza, "Mama, omeprazoli umemeza lini mara ya mwisho?" Omeprazoli ni dawa ya kupunguza asidi tumboni. Nikamjibu asubuhi hii. Akaweka kalamu chini. Akasema nirudi baada ya wiki mbili, nisimeze omeprazoli wala ndugu zake, na kama ni antibiotiki basi ziwe zimepita wiki nne. Moto ukizidi, nitafune vidonge vya kawaida vya kutuliza asidi. Sababu yake ni kwamba dawa hizo humpunguza bakteria bila kummaliza, halafu kipimo kinaweza kusema huna kumbe unaye. Nilitoka pale nimekasirika, nimefunga meza yangu siku nzima na nimelipa ada ya kumwona daktari ili niambiwe nirudi. Leo nasema hiyo ndiyo ilikuwa huduma bora kuliko zote nilizopata. Mtu aliyetaka pesa yangu tu angenipima palepale.

Wiki mbili zile zilikuwa ngumu. Ukiiacha omeprazoli ghafla baada ya kuitumia muda mrefu, asidi hupanda kwa hasira. Nilikula ndizi za kuchemsha na uji, nikaacha pilipili na kahawa, usiku nikalalia mito miwili. Nikarudi, nikapewa kikopo, jibu likatoka: bakteria yupo.

Hapo ndipo nilipokaa na daktari karibu nusu saa, na alichofanya sijawahi kufanyiwa na daktari yeyote. Aligeuza karatasi ya majibu akanichorea mfuko wa chakula. Akachora bakteria kama skrubu yenye mikia upande mmoja. Mfuko wa chakula una asidi kali, mdudu wa kawaida akiingia hafiki mbali. Huyu ana kimeng'enya kinachoitwa urease, kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo hupoza asidi inayomzunguka. Akishajikinga hivyo anajipenyeza kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo, anakaa humo. Wengi wetu huingiwa naye utotoni, nyumbani, kwa mikono, kwa maji, kwa matapishi, kwa mama kumtafunia mtoto chakula. Bila dawa anaweza kukaa mwilini maisha yote, na wengi wenye naye hawasikii chochote.

Kisha akachora ngazi. Kwanza ukuta wa tumbo unavimba na kuwa mwekundu. Kwa watu wengine miaka inavyokwenda ukuta unakonda, tezi zinazotoa asidi zinakufa. Kwa baadhi yao seli za tumbo zinaanza kufanana na seli za utumbo, kana kwamba zimesahau zilikozaliwa. Kwa wachache seli hizo zinaharibika zaidi, na kwa wachache wa wachache inakuwa kansa. Safari hiyo huchukua miongo ya miaka. Daktari alisema kati ya watu mia wenye bakteria huyu, mmoja hadi watatu tu ndio huishia na kansa ya tumbo. Lakini ukiwatazama wenye kansa ya tumbo, ile ya sehemu ya kati na ya chini ya mfuko, karibu wote utakuta bakteria huyu alipita kwao.

Nilipowasimulia wenzangu sokoni, mmoja akasema, "Basi Kiboriloni nzima tungekuwa tumekwisha." Ana haki ya kusema hivyo, na swali lake wataalamu wenyewe wamelishughulikia kwa miaka mingi, maana Afrika tuna bakteria huyu kwa wingi kuliko kansa yenyewe. Aina ya bakteria, urithi wa mtu, chumvi nyingi, sigara, yote yanachangia. Nilimjibu kwamba kuwa naye si hukumu ya kifo. Lakini mtoto wa mtu aliyekufa kwa kansa hiyo hawezi kujihesabu sawa na jirani ambaye kwao hapana.

Daktari yule alikuwa na raha ya kufundisha. Alinisimulia habari za Robin Warren na Barry Marshall, madaktari wa Perth, Australia, waliomgundua bakteria huyu. Miaka hiyo madaktari wakiamini vidonda vinaletwa na mawazo na asidi, na kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi tumboni. Marshall na Warren walijaribu kumwotesha maabara wakashindwa mara nyingi, mpaka Pasaka ya 1982 vyombo vilipoachwa bila kuguswa siku kadhaa kwa sababu ya sikukuu, ndipo akaota. Bakteria huyu huota polepole, na wao walikuwa wakivitupa vyombo mapema mno. Watu hawakuwaamini, kwa hiyo mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kamera ikaonyesha tumbo lake limevimba. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likamweka H. pylori kundi la kwanza la visababishi vya kansa, kundi moja na moshi wa sigara. Mwaka 2005 Marshall na Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mama yangu alianza kutibiwa vidonda miaka minane baada ya tuzo hiyo.

Nikamuuliza swali lililokuwa limenijaa: nikitibiwa, nimepona na kansa? Hakunidanganya. Alisema hatari inapungua, haifutiki, na inapungua zaidi ukitibiwa mapema kabla ukuta haujaharibika. Akanitajia utafiti wa Korea Kusini uliotoka mwaka 2020, uliofanywa kwa watu kama mimi hasa, watoto na ndugu wa damu wa wagonjwa wa kansa ya tumbo. Wote walikuwa na bakteria. Nusu walipewa dawa za kumuua, nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa kama miaka tisa. Waliopewa dawa walikuwa 832, wakapata kansa 10. Wale wengine 844, wakapata 23. Niliandika namba hizo nyuma ya risiti yangu na risiti bado ninayo.

Kwa sababu ya mama, akanishauri kipimo cha kamera kabla ya dawa. Shilingi 180,000, na kinyama kinachokatwa tumboni kwenda kuchunguzwa 60,000. Sina bima, nilitoa taslimu, na nilichelewesha mzigo wa mitumba wiki mbili ili niweze.

Wengi wanaogopa kumeza mpira, kwa hiyo hapa nitaeleza kwa kirefu. Hukuli chochote tangu usiku. Wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, chungu sana, na baada ya dakika chache unahisi koo limekuwa kama la mtu mwingine. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kipande cha plastiki chenye tundu katikati, mpira mweusi unapita humo. Usingizi sikupewa. Kutapika bila kutoa kitu kunakuja mara tatu au nne, machozi na mate yanatoka, na hiyo ndiyo sehemu mbaya. Maumivu hakuna. Muuguzi alinishika kichwa muda wote akisema, "Pumua kwa pua, dada, usimeze, acha mate yatoke." Kama si sauti yake ningeuvuta mpira ule nje. Nilikodolea skrini: ukuta wa pinki, mikunjo kama kitambaa kilichofinywa, na kule chini madoa mekundu. Walichukua vinyama vitano, viwili chini, kimoja kwenye kona, viwili juu, na sikuhisi hata kimoja. Haikufika dakika kumi na tano. Nilikaa saa moja ganzi iishe, kisha nikaenda kunywa mtori wa vuguvugu.

Majibu ya vinyama yalichukua siku 12. Siku hizo sitaki kuzisimulia. Kansa haikuwepo. Lakini sehemu ya chini ukuta ulikuwa umeanza kukonda, na doa moja dogo lilikuwa na zile seli zinazofanana na za utumbo. Nipo kwenye ngazi ile aliyonichorea, daraja la tatu. Daktari aliniambia wazi hivyo, akaniandikia kwenye kadi nirudi kwenye kamera baada ya miaka 3, na akanipa nakala ya ripoti na picha. Kadi hiyo imekaa na hati ya kiwanja.

Dawa sasa. Kwa kuwa nilikwisha kumeza antibayotiki iitwayo klarithromaisini mara tatu, alisema bakteria aliyebaki huenda ameshaizoea, hairudiwi. Akaniandikia mpango wa dawa nne kwa siku 14: ya kupunguza asidi, bismathi, na antibayotiki mbili, tetrasaiklini na metronidazoli. Bismathi ilinisumbua kuipata. Maduka manne Moshi hayakuwa nayo, ikaja kwa basi kutoka Arusha. Jumla shilingi 95,000. Vidonge vya siku moja vinajaza kiganja, vingine mara nne kwa siku, na niliweka alamu nne kwenye simu. Mdomo unakuwa na ladha ya shaba kuanzia siku ya pili. Tetrasaiklini haitaki maziwa karibu yake, kwa hiyo chai ya maziwa, ambayo ndiyo kifungua kinywa changu tangu utoto, niliihamishia mbali na saa za dawa. Na pombe hapana kabisa. Nilikwenda msibani Kibosho siku ya tisa, nikapewa kata ya mbege na shemeji yangu mkubwa, nikaikataa mbele ya watu. Alinielewa nilipomtajia mama.

Hapa pana lawama yangu kubwa kwa kliniki hii. Hakuna aliyeniambia kwamba bismathi hugeuza choo kuwa cheusi. Siku ya tatu niliona choo cheusi kama mkaa. Mimi ninajua, kwa ajili ya mama, kwamba choo cheusi ni dalili ya damu kuvuja tumboni. Nilikodi bodaboda saa mbili usiku nikaenda kwa dharura nikitetemeka. Muuguzi wa zamu akanitazama, akaniuliza dawa ninazomeza, akaniambia ni bismathi, ulimi pia utakuwa mweusi. Sentensi moja siku ya kuandikiwa dawa ingeniokoa na usiku ule. Na wewe usijipe moyo kwa habari yangu: kama humezi bismathi wala dawa za kuongeza damu, na choo ni cheusi kinachonata kama lami, nenda hospitali usiku huohuo.

Lawama ya pili ni choo cha wagonjwa. Siku zote mbili nilizotoa kikopo hapakuwa na sabuni, na siku moja hata maji hayakutoka. Bakteria huyu husafiri kutoka choo hadi kinywa kupitia mikono. Watu wanaotoka kuchota sampuli wanashika kitasa kilekile cha mlango wa maabara. Niliandika kwenye kitabu cha maoni mara mbili, na nilipokwenda mara ya mwisho bado hapakuwa na sabuni. Kwa jambo hilo peke yake nawanyima nyota moja kati ya tano. Foleni ya kamera nayo irekebishwe: wote tuliitwa saa moja asubuhi na matumbo matupu, mimi nikaingia saa sita na nusu, na mzee mmoja mwenye kisukari alianza kutetemeka kwenye benchi mpaka tukapiga kelele.

Nyota nne zilizobaki nawapa kwa moyo mweupe, na sehemu kubwa ni kwa ajili ya kikopo cha mwisho. Baada ya kumaliza dawa daktari alinipangia tarehe: wiki nne kamili bila antibayotiki, wiki mbili bila omeprazoli, kisha choo tena. Aliniambia watu wengi hawarudi, wakijisikia nafuu wanaona imekwisha, na nafuu si ushahidi. Kuna kipimo kingine cha kupuliza, unakunywa maji yenye urea maalumu halafu unapuliza kwenye mfuko, lakini kwao hakikuwepo, na cha choo kinatosha. Nikalipa 25,000 nyingine. Niliketi kwenye benchi lilelile. Dada wa maabara akaniita, akanipa karatasi bila kusema kitu, nikasoma: hakuna. Nilimwomba arudie kwa sauti. Akarudia.

Tuko watano kwa mama yetu. Dada yangu mkubwa amepimwa, hana. Mdogo wangu wa Same anaye, anamalizia dawa wiki ijayo, choo chake cheusi nilishamtahadharisha. Wa Arusha hana. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka 31, amekataa miezi miwili akisema yeye haumwi chochote. Juzi amekuja kwangu jioni, amekula, na wakati wa kuondoka akauliza maabara wanapokea vikopo mpaka saa ngapi. Mpaka saa nne asubuhi, nikamwambia, na siku ya kuja asiwe amemeza omeprazoli wala ndugu zake kwa wiki mbili. Amesema Jumatatu.